Alama Kumi na Saba za Bi Siwema

Katika nchi yetu hakuna mzee mpweke. Naanza na jambo hilo kwa sababu ni tamko rasmi la serikali, lilisomwa redioni mara tatu kwa siku moja, na mimi ni mtumishi wa umma. Jina la nchi silitaji. Wakubwa wetu hawapendi itajwe na watu wasio na kibali cha kuitaja, na kibali changu kiliisha mwezi wa pili.

Kazi yangu ni upimaji. Cheo changu kamili ni Mpimaji wa Akili za Wazee, Daraja la Pili, Kanda ya Mabati Mekundu. Nina mkoba, saa ya kubonyeza, penseli mbili na bunda la fomu. Nakwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza waliokula chumvi nyingi kama wanajua leo ni siku gani. Mimi mwenyewe huangalia kalenda kabla ya kubisha hodi.

Yote yalianza Mheshimiwa Waziri wa Kumbukumbu aliporudi kutoka ziara ya mafunzo ya siku nne katika nchi ya mbali. Huko alionyeshwa kipimo kifupi. Daktari anamuuliza mzee maswali kwa dakika kumi, basi hapo anapata fununu ya nani aangaliwe kwa karibu zaidi, nani apelekwe kwa mtaalamu, nani asaidiwe kupanga dawa zake, na nani asiachwe peke yake na jiko. Daktari yule alimweleza Waziri wetu kwa upole kwamba kipimo kama hiki ni kubisha hodi tu. Kuingia ndani ni kazi nyingine. Waziri alikuwa amesinzia kidogo wakati huo, safari ilikuwa ndefu. Akarudi nyumbani na hodi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma pale uwanjani siku ya uzinduzi. "Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nauliza: nani aliwahi kuzihesabu? Hakuna! Ndiyo maana taifa limechelewa. Kuanzia leo, tutazihesabu!"

Akavua kofia kupangusa jasho, na uwanja mzima ukaona kwamba za kwake zilikwisha siku nyingi. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, wakishapatikana wazee waliosahau watasaidiwaje. Waziri akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo.

"Kupima kumeanza," alisema. "Kusaidia kutaanza kupima kutakapokwisha."

Sheria ilihusu kila aliyefikisha miaka sitini na mitano. Mheshimiwa Waziri alikuwa na sabini na moja, kwa hiyo alipimwa wa kwanza, kwa mfano mwema, ingawa kutokana na wingi wa majukumu alipimwa kwa niaba. Katibu wake, kijana wa miaka thelathini na mbili, alijibu maswali yote vizuri sana isipokuwa la saa.

* * *

Hilo la saa sina budi kulieleza.

Kipimo kina alama thelathini. Kuna tarehe, kuna mahali, kuna kutoa saba saba kuanzia mia, kuna kutaja majina ya vitu viwili ambavyo mpimaji anavionyesha, kuna jina la Waziri, na kuna maneno matatu ambayo mzee anayasikia mwanzoni na kuyarudia mwishoni. Halafu kuna saa, alama tatu. Fomu inasema: Chora saa inayoonyesha saa kumi na moja na dakika kumi.

Mzee anachora duara, anapanga namba, mshale mfupi anauweka kwenye tano na mrefu kwenye mbili, kama zinavyoonyesha saa zote za ukutani hapa nchini jua linapoanza kupoa. Lakini karatasi ya majibu ilitafsiriwa kutoka kwa watu wanaoanza kuhesabu saa zao usiku wa manane. Karatasi hiyo inasema mshale mfupi uwe kwenye kumi na moja. Mwezi wa kwanza, nchi nzima, hakuna mzee hata mmoja aliyepata saa. Wizara ikatangaza janga.

Karani mmoja wa idara ya tafsiri aliandika barua ya adabu kabisa akisema kwamba wazee wamepatia, karatasi ndiyo imekosea. Waziri alimjibu hadharani.

"Watu milioni moja wanasema hivi, karatasi moja inasema vile. Mtu wa siasa angekwenda na watu. Lakini hii ni sayansi! Tunasimama na karatasi!"

Karani akahamishiwa kituo cha kupima mvua, katika wilaya ambayo hainyeshi. Tangu hapo kila mzee huanza na alama ishirini na saba, kwa kuwa tatu za saa ni mali ya serikali.

Maneno matatu nayo yana historia yake. Ni komamanga, kinu, barua. Ni yale yale kila mwezi, nchi nzima, kwa sababu yamo ndani ya sheria, na kuyabadilisha kunahitaji theluthi mbili ya Bunge. Iliwahi kujaribiwa. Wabunge wa mikoa isikoota komamanga walidai fenesi, kikao kikavunjika. Basi watoto wanaruka kamba kwa maneno hayo, na wapiga debe wanajibizana nayo stendi. Hakuna mtu nchini asiyeyajua.

Matokeo ni ya namna tatu. Alama ishirini na tano na zaidi ni Akili Kamili: unapewa cheti chenye muhuri na hutembelewi tena mpaka miaka mitatu ipite. Kumi na sita mpaka ishirini na nne ni Akili ya Mashaka: mpimaji atakuja kila mwezi kutazama mashaka yanaelekea wapi. Kumi na tano kushuka chini ni Akili Iliyoondoka. Hapo linakuja gari la kijani, unapelekwa Makao ya Utulivu, na nyumba yako inatunzwa na ofisa utunzaji pamoja na familia yake.

Makao ya Utulivu nimefika mara moja. Ni safi. Wazee wamekaa kwenye mabenchi, wote wameelekea ukuta mmoja, na ukutani imechorwa saa kubwa yenye mshale mfupi kwenye kumi na moja. Haiendi. Nilimwona pale Mzee Likwata wa mtaa wangu, aliyechukuliwa bila miwani yake, akiniuliza kwa sauti ndogo kama saa ya kurudi nyumbani imefika. Nilimwambia bado kidogo.

* * *

Lazima niseme pia kuhusu majirani, nisije nikaonekana naficha mazuri ya serikali.

Wataalamu wetu waligundua kwamba dalili ya kwanza ya kusahau ni mzee kurudia hadithi aliyokwisha kuisimulia. Ukatoka waraka: yeyote atakayesikia mzee akirudia hadithi atoe taarifa ndani ya saa ishirini na nne, na asiyetoa atahesabiwa ameshirikiana na usahaulifu. Sasa niambieni, ni mzee gani asiyerudia hadithi? Majirani walikuwa watu wema, hawakutaka kumchongea mtu, basi wakaacha kwenda. Na wazee kwa kuogopa kuwaponza majirani wakaacha kusimulia. Ukipita Mabati Mekundu alasiri unaona kila kibaraza kina mzee mmoja na kiti kimoja kitupu, na kimya cha kupendeza. Ni mwaka huo ndipo lilipotoka lile tamko kwamba wazee wapweke hawapo. Ofisa aliyefanya utafiti alikuta hakuna hata mmoja aliyelalamika kwa jirani.

Nasi wapimaji tulipata Waraka Namba Nne: hakuna kusalimiana. Dakika kumi ni za taifa, na mzee akishaanza kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua na za wagonjwa, dakika saba zimekwenda. Mpimaji aingie na kusema, "Jina lako kamili?" Kanuni ya pili ilikuwa nzito zaidi: mpimaji asidokeze jibu. Asinong'one, asikohoe, asitazame kitu. Mimi nilikuwa mtiifu sana. Mke wangu alirudi kwao mwaka wa pili wa upimaji, akisema kila asubuhi namhoji badala ya kumsalimu. Nikahamia chumba cha kupanga, nikawa mtu wa kazi.

* * *

Bi Siwema nilianza kumpima Jumanne moja, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa opereta wa simu pale posta, enzi zile unapiga unamkuta binadamu, unamwambia unamtaka nani, naye anakuunganisha. Namba mia nne za mji alikuwa nazo kichwani. Juu ya kabati lake aliweka kipande cha waya wa kuunganishia, chenye kichwa cha shaba, alichopewa siku ya kustaafu. Mumewe alishatangulia. Mwanawe mmoja, Hafidhi, yuko nchi za baridi, na kila sikukuu hutuma kwenye simu picha ya maua yenye maandishi ya dhahabu.

"Jina lako kamili?" nilimwambia mlangoni.

"Hee! Hata shikamoo siku hizi hakuna?"

"Waraka Namba Nne, Bi Siwema."

"Haya, karibu wewe na waraka wako. Viti viko viwili."

Akapata kumi na saba. Mashaka. Mwezi uliofuata nikarudi, akapata kumi na saba. Wa tatu, kumi na saba. Kwenye kuonyesha vitu viwili, fomu inataka penseli na saa, lakini yeye alisema macho yake hayaoni vitu vya serikali, bora atumie vya kwake.

"Hiki ni nini?" ikabidi niulize.

"Kikombe."

"Na hii?"

"Chai. Kunywa, itapoa."

Hivyo chai ikaingia kwenye kipimo kihalali kabisa. Aliteleza kwenye tarehe, akamsahau Waziri, mia kutoa saba akaiacha njiani, na katika yale maneno matatu alitaja komamanga na kinu, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri. Kila mwezi dakika zote kumi alizitumia, hakuacha hata sekunde. Mimi niliandika kwenye taarifa yangu kwamba hali ya mama huyu haipandi wala haishuki, jambo la ajabu kitabibu.

Mwezi wa tisa nilikuwa na homa. Nikajumlisha alama zake juu chini, nikaandika kumi na sita.

"Hesabu tena, mwanangu," alisema akimimina chai, hata hakutazama karatasi. "Tarehe umenipa tatu, mahali tano, vitu viwili, mia kutoa saba sifuri. Usiniibie moja. Ni kumi na saba."

Nikahesabu tena. Ilikuwa kumi na saba. Nikaitazama karatasi, nikamtazama yeye, yule aliyeshindwa kutoa saba kutoka mia.

"Bi Siwema. Wewe huna mashaka yoyote."

"Sina," alisema.

"Sasa kwa nini?"

Aliweka birika chini taratibu. "Nikipata nyingi, huji miaka mitatu. Nikipata chache, nachukuliwa. Kumi na sita iko ukingoni mno, mtu kama wewe akiwa na homa ananiponza. Kumi na saba inatosha. Na lile neno la mwisho nimelichagua kuliacha kwa sababu barua zenyewe sijaona hata moja tangu Hafidhi anunue simu. Nikisema nimeisahau, simdanganyi mtu sana."

"Kwa ajili ya dakika kumi?"

"Una nyingine zaidi?" Halafu akaniangalia vizuri, na kwa mara ya kwanza aliniita jina langu, alilolisoma kwenye beji yangu. "Na wewe, Selestini? Lini umesalimiwa mara ya mwisho?"

Swali hilo halimo kwenye fomu, kwa hiyo sikuwa na pa kuandika jibu. Nilikwenda nyumbani nikilifikiria, nikapita mlango wa jirani yangu wa chumba cha pili, na nikagundua kwamba simjui jina. Kisheria nilipaswa kumripoti Bi Siwema. Nilitafuta kisanduku cha mzee mwenye akili kupita kiasi, sikukiona, nikaona basi serikali haikulitaka jambo hilo lijulikane.

Tangu siku hiyo Jumanne ya kwanza ya mwezi ikawa siku yangu. Nilikuwa nanyoa ndevu. Aliendelea kupata kumi na saba, na mimi niliendelea kubonyeza saa, ila nilikuwa nabonyeza polepole. Aliniambia nani mjini alikuwa akimpigia nani, miaka ile, na nani alikuwa akilia kwenye simu kabla hata hajaunganishwa. Mara nyingine alirudia hadithi. Sikutoa taarifa. Nilitaka kuzisikia tena.

* * *

Kumbe hakuwa peke yake. Mtu hahitaji shule kugundua ni alama zipi zinazomletea mgeni. Mwisho wa mwaka, takwimu za wizara zilionyesha kwamba robo tatu ya wazee wa taifa wamepata alama kumi na saba kamili. Wakaja wataalamu, wakachukua vipimo vya damu, udongo na chumvi ya mezani. Ugonjwa ukapewa jina, Homa ya Kumi na Saba, na wimbo wa kuupiga vita. Ilidhaniwa unaletwa na chai.

Mheshimiwa Waziri akahutubia taifa.

"Mashaka ni daraja, siyo nyumba!" alisema. "Mtu hawezi kukaa darajani miezi kumi na minane. Ama avuke, ama aanguke. Kuanzia tarehe mosi, kila mwenye Mashaka ya miezi kumi na minane na kuendelea atapimwa mara moja ya mwisho. Akifika ishirini na tano, amepona. Asipofika, ameondoka!"

Bi Siwema alikuwa na miezi ishirini. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe.

"Basi mwezi ujao nipe ishirini na saba," nilisema. "Hakuna mchezo tena."

"Ishirini na saba tu? Nikitaka nakuchorea na hiyo saa yao kwa makosa yao, nakupa thelathini." Akacheka. Kisha akageuza kikombe chake mezani, akakigeuza tena. "Halafu huji."

"Miaka mitatu."

"Nitakuwa na themanini na mbili na ushei."

"Bora ya hapa kuliko kwenye benchi, Bi Siwema."

"Bora," alikubali. "Nani kasema siyo bora."

Nilikuwa nimesahau kubonyeza saa, na sijui tulikaa dakika ngapi. Nilihisi uchungu mkubwa, nao uchungu wa mtumishi wa umma hauna fomu.

* * *

Jumanne ya mwisho alikuwa amevaa kanga mpya, na vikombe viwili vilishapangwa. Nilitoa fomu nikiwa natabasamu. Nilijua naja kuaga, lakini nilijua pia kwamba nyumba inapona.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi," alisema.

Nikacheka kidogo. "Mama, leo siyo siku ya mchezo."

Nikaandika, nikaendelea. Mahali alipataja vizuri. Jina la Waziri alilianza, likamponyoka. Mia kutoa saba alisema tisini na tatu. Kisha themanini na sita. Kisha akanyamaza, vidole vikatembea mezani kama vinatafuta tundu la kuchomeka waya, vikasimama.

"Themanini na sita," alisema tena.

"Ndiyo. Toa saba."

"Ngoja kwanza."

Nilingoja. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la maji, nikalisikia likija mpaka mbele ya nyumba na likapita mpaka likapotea. Bado nilidhani ananitania. Bado nilikuwa natabasamu, na tabasamu lilikuwa limeanza kuniuma mashavu. Tukafika kwenye maneno matatu.

"Komamanga," alisema upesi. "Kinu."

Akaniangalia usoni. Kwa miezi ishirini nilizoea ile sura yake ya kuigiza, ya kutikisa kichwa kwa huzuni nzuri. Hii haikuwa ile. Macho yalikuwa yamekaza, yananitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe na haoni mlango.

"Lipo la tatu," alisema.

"Lipo."

"Ndilo nililokuwa naliacha."

"Ndilo hilo."

"Sichezi, Selestini."

Wallahi neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa na miaka minne ya utiifu, sijawahi kukohoa wala kutazama kitu, na siku hiyo pia sikukohoa. Nilikaa nimebana meno mpaka saa ikalia. Nikajumlisha alama, nikazijumlisha tena. Zilikuwa kumi na saba. Safari hii hakuzipanga yeye. Zilikuwa ndizo alizobakiwa nazo.

"Ngapi?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipojua kwa hakika. Yule aliyekuwa akijumlisha fomu nzima akimimina chai alikuwa akiniuliza mimi ngapi.

"Ishirini na sita," nilisema.

Nikageuza penseli, nikafuta nilipopaswa kufuta, nikaandika. Mkono ulikuwa na mazoezi ya miaka minne ya kuandika uongo wa karatasi ya saa.

"Nilikwambia," alisema, akashusha pumzi. Hakusema hesabu tena.

* * *

Mwezi huo Homa ya Kumi na Saba ilitokomezwa. Gari la kijani lilikwenda na kurudi, likatokomeza wengi. Kanda yangu iliongoza kwa waliopona, maana baada ya Bi Siwema penseli yangu ilipata kasi, na nikapandishwa kuwa Mpimaji Daraja la Kwanza. Kwenye sherehe Mheshimiwa Waziri aliniuliza kwa maikrofoni nilitumia mbinu gani ya kisasa.

"Penseli, Mheshimiwa," nilisema. Akapiga makofi, nchi nzima ikapiga makofi, na mwezi uliofuata wizara ikagawa penseli.

Bi Siwema alipata cheti. Kimeandikwa kwa herufi za kujikunja kwamba mwenye cheti hiki ana Akili Kamili, na kwamba hahitaji mtu. Waraka uliofuatana nacho unakataza mpimaji yeyote kuonekana nyumbani kwa mzee aliyepona, asije akamrudishia ugonjwa. Kama tungekuwa na yule daktari wa nchi ya mbali angesema huu ndio wakati wa kuingia ndani. Mimi nilikuwa nimembishia hodi miezi ishirini na moja, na ile siku alipohitaji afunguliwe, nikamfungia kwa muhuri.

Jumanne ya kwanza nilikaa ofisini nikachonga penseli kumi na mbili. Ilipofika saa nne nikaacha mkoba mezani, nikaacha saa ya kubonyeza, nikavua beji. Nikatoka mikono mitupu, na njia nzima nilijihisi kama nimesahau kitu.

Alikuwa sebuleni. Cheti kilikuwa ukutani. Mezani palikuwa na vikombe viwili, na chai kwenye kimoja ilishaota utando, sijui ilimiminwa saa ngapi, sijui ilimiminwa siku gani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Sina mtoto.

"Na jirani zako?"

"Jirani yangu anaitwa Ramia. Anafuma mikeka." Nilimuuliza jina asubuhi ile ile, nikiwa nimesimama kwenye mlango wake kama mwizi.

Akauliza habari za kazi, za mvua, za wagonjwa, na alipomaliza akarudi kwenye habari za nyumbani, nami nikamjibu tena zote, moja baada ya nyingine. Kisha akaitazama mikono yangu.

"Leo hunipimi?"

"Leo sipimi. Nimekuja tu."

"Usinidharau. Nipime." Akajiweka sawa kitini, akavuta kanga mabegani, kama mtu anayeitwa mbele ya watu. "Komamanga," alisema. "Kinu."

Akasimama hapo. Vidole vikaanza kutembea mezani.

"Barua," nilisema.

Uso wake wote ukafunguka.

"Ehe! Barua!" Akanitazama kwa mshangao, na kwa furaha kidogo. "Na wewe, nani kakwambia?"

"Wewe, mama," nilisema. "Wewe ndiye uliyeniambia."